Barua kwa mwanangu anayetaka kuuza filamu yake

Mwanangu Idrisa,

Swali lako nimelisoma: filamu imeisha, msambazaji anataka kuinunua jumla pamoja na haki zake zote, na hela anayotoa inafuta madeni yako na kidogo inabaki. Uuze au usubiri? Mwaka 1954 swali hilohilo lilimkuta mtengenezaji filamu Mmarekani, Roger Corman, naye hakuuza jumla wala hakusubiri.

Corman alizaliwa Detroit mwaka 1926, akasomea uhandisi Stanford, akadumu siku nne tu kwenye kampuni ya mota za umeme. Akaingia 20th Century Fox kama tarishi, akapanda hadi msomaji wa miswada ya filamu. Fedha ya mswada aliouza ikawa sehemu ya mtaji wa filamu yake ya kwanza kama prodyuza, ya dubwana la baharini, iliyogharimu kama dola 12,000. Nyambizi ya mtu mmoja unayoiona humo aliiazima kwa kampuni iliyoitengeneza, akawalipa kwa kuitangaza.

Ya pili iliitwa The Fast and the Furious. Jina unalijua, wale wa filamu ya magari iliyotoka mwaka 2001 walilipata kwake. Makampuni makubwa yaliitaka. Corman akapiga hesabu: ukitengeneza filamu moja kisha ukangoja majumba ya sinema yakurudishie hela, mtaji wako unalala mwaka mzima. Filamu akawapa James Nicholson na Samuel Arkoff, waliokuwa ndiyo kwanza wanafungua kampuni ya kusambaza filamu, kwa sharti kwamba watangulize fedha na mkataba uwe wa filamu tatu. Kwa hiyo huyo mnunuzi wako usianze kumuuliza bei. Muulize atatanguliza kiasi gani kwa filamu ya pili na ya tatu. Akibabaika, huyo anataka mzigo tu.

Umeandika pia kwamba siku 20 za kushuti zimekumaliza. Tazama The Little Shop of Horrors. Desemba 1959 Corman alipata seti, yaani mandhari ya kuigizia, iliyobaki baada ya filamu nyingine. Mwaka mpya ungekuja na kanuni mpya za malipo ya waigizaji, hivyo ilibidi awahi. Waigizaji walifanya mazoezi siku tatu seti ikiwa tayari, kisha matukio yote ya ndani yakashutiwa kwa siku mbili, kamera mbili zikienda kwa pamoja ili pasiwe na kurudia tukio kwa ajili ya upande wa pili. Ya nje yakafuata usiku. Gharama zote, kama dola 30,000. Siri ni zile siku tatu za mazoezi: muda wa mazoezi ni rahisi, muda wa taa, kamera na watu 15 wanaongoja chakula ni ghali.

Halafu akateleza. Alidhani filamu hiyo haitakuwa na soko baada ya mzunguko wa kwanza, hakuhangaika na hakimiliki, ikawa mali ya kila mtu. Baadaye ilizaa tamthilia ya muziki iliyovuma jukwaani, na kanda za filamu yenyewe ziliuzwa na yeyote aliyetaka.

Kubana matumizi nako kuna mwisho wake. Katika The Terror ya mwaka 1963 alimtumia mwigizaji mashuhuri Boris Karloff kwa siku chache kwenye seti za filamu iliyokuwa imekwisha, mswada wenyewe haujakamilika. Vipande vilivyobaki vikashutiwa kwa miezi na waongozaji mbalimbali, akiwemo Francis Ford Coppola, aliyekuja kuongoza The Godfather, wakati huo bado kijana. Hadithi ikavurugika hata ikabidi mhusika mmoja awaeleze watazamaji kinachoendelea. Seti ya bure bila mswada ni mtego, mwanangu.

Mwaka 1970, baada ya kuchoshwa na wasambazaji kukatakata filamu zake, alifungua kampuni yake ya kusambaza, New World Pictures. Iliuza filamu za manesi na magenge, na papo hapo ikazisambaza Marekani kazi za waongozaji wakubwa wa nje: Bergman wa Sweden, Fellini wa Italia na Kurosawa wa Japani. Watu husahau hilo, nami naona ndilo bora kuliko yote aliyofanya. Mwaka 1983 aliiuza kampuni kwa zaidi ya dola milioni 16, lakini filamu zenyewe akabaki nazo.

Basi usimpe mnunuzi haki zote. Mkodishie. Mkataba utaje nchi, njia na miaka: kwa mfano televisheni tu, Tanzania na Kenya, miaka mitatu, kisha haki zinarudi kwako. Intaneti na lugha nyingine ziandikwe wazi kuwa zako. Filamu kutengenezwa upya, kutengenezewa mwendelezo na jina la filamu viwe kifungu peke yake, maana hapo ndipo neno "zote" hujificha. Kabla ya kusaini kaiandikishe kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, na uhakikishe kila mwigizaji na aliyekupigia muziki ameweka sahihi kwamba amekuruhusu kuitumia kazi yake. Karatasi moja ikikosekana hapo, mnunuzi atakushusha bei, na atakuwa na haki.

Nitumie rasimu ya mkataba kabla ya Ijumaa.

Baba yako