Mikono ya mkandaji na miguu inayokakamaa

SWALI: Bwana Daktari, mdogo wangu wa kike ana ugonjwa wa sklerozi, na miguu yake hukakamaa hasa usiku. Mkandaji wa mtaani ameahidi kuifungua mishipa yake kwa vitambaa vya maji ya moto na kwa kumzungusha shingo mpaka ilie. Je, tumpeleke?
Mama wa Katuba, Lubumbashi

JIBU: Mama, shingo hiyo isiguswe. Katika ugonjwa huu kinga ya mwili huishambulia ala ya mafuta inayofunika nyuzi za fahamu za ubongo na uti wa mgongo, ikaacha makovu ambayo daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot aliyaeleza huko Paris mwaka 1868. Hakuna kilichofungwa pale ambacho mkono ungeweza kukifungua, ilhali kuzungusha shingo kwa nguvu kunaweza kuchana mishipa ya damu iendayo ubongoni.

Maji ya moto pia mwepushe. Uzi uliopoteza ala yake hupitisha ujumbe kwa shida zaidi mwili unapopata joto, na mgonjwa aliyekandwa hivyo aweza kuinuka akiona ukungu au akashindwa kusimama. Hali hiyo hupita mwili ukipoa, lakini Oktoba yetu, kabla ya mvua kushika, ina joto la kutosha. Tena penye ganzi mtu huungua asijue.

Kukanda kwa upole ni jambo jingine, nami sikukatazi. Tafiti zilizopo, ingawa ni chache na ndogo, zimeonyesha nafuu ya maumivu na uchovu kwa baadhi ya wagonjwa. Ugonjwa wenyewe haubadiliki, hivyo dawa ziendelee. Siri iko katika mwendo wa mkono, kwa kuwa msuli uliokakamaa ukivutwa ghafla hukaza zaidi, na kisigino chaweza kuanza kudunda kama sindano ya cherehani. Mwombe mtaalamu wa kine, yaani tiba ya viungo, akuonyeshe: unakishika kisigino kiganjani, unaegemeza wayo kwenye kigasha chako, kisha unausukuma polepole kuelekea goti na kuushikilia hapo karibu nusu dakika. Kama amepewa kortizoni mara nyingi, mwambie mtaalamu mapema, maana dawa hiyo hudhoofisha mifupa.

Mguu mmoja ukivimba, ukawa na joto na kuuma, msiukande kabisa. Huenda damu imeganda ndani, na hospitali ni siku hiyo hiyo.