Mchwa wa kulisha vifaranga: uweke nini ndani ya chungu

Huku Dodoma kutega mchwa kwa ajili ya vifaranga si jambo geni. Bibi zetu walifanya, na sasa bei ya chakula cha dukani imewarudisha hata wale waliokuwa wakiuona ushamba. Unachukua chungu kikuukuu, unakijaza takataka za shambani zilizoloweshwa, jioni unakifudikiza juu ya njia ya mchwa, alfajiri unakuta mchwa wanatambaa ndani. Lakini kila mara kuna mtu ananiuliza, "Mbona changu nakikuta kitupu?" Nikienda kuangalia, mara nyingi mahali pa kutega ni pazuri tu. Tatizo ni kilichomo ndani.

Kwanza ujue unamlisha nani. Mchwa wa vichuguu vile vikubwa hawali bua wakashiba hapo hapo. Wanalitafuna, wanalipeleka chini, wanaoteshea kuvu ndani ya kichuguu, kisha wanakula kile ambacho kuvu imeshakilainisha. Uyoga tunaouchuma vichuguuni mvua zikianza unatokana na kuvu hiyo hiyo. Kule Amerika ya Kati na Kusini wapo sisimizi wakata majani wenye bustani za namna hii, ila wao wanataka majani mabichi na mchwa wetu wanataka vilivyokauka. Kuna watu wanaowafuga sisimizi hao kwenye masanduku ya vioo, na kutoka kwao nimeokota jambo moja: usiangalie tu kama mdudu anakipenda chakula, angalia kama kuvu yake itakivumilia. Ukiwapa sisimizi hao jani lenye dawa ya kuua ukungu, mwanzoni wanalibeba bila wasiwasi. Bustani ikishadhurika, wanaikataa aina ile ya jani hata ukiwaletea lililo safi.

Sasa njoo Hombolo, hapa hapa kwetu Dodoma. Sisi wa zabibu tunavuna mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo tunapogoa mara mbili, na matawi yanabaki marundo kwa marundo. Yanakauka vizuri, ni mepesi, na hayana bei. Mimi siyaweki chunguni. Mzabibu unapigwa salfa na dawa zenye shaba dhidi ya ukungu na ubwiriunga, na dawa ya kuua ukungu haitaibagua kuvu ya mchwa. Hata kama mchwa wangeyapenda, sitaki kifaranga ameze mdudu aliyeshinda usiku kucha kwenye matawi hayo. Matawi ya mizabibu yaende jikoni au kwenye uzio.

Mabua ya mahindi nayo yaulizie historia yake. Tangu viwavijeshi vamizi waingie nchini, watu wengi wanapulizia mahindi tangu yakiwa machanga. Ndiyo maana mimi napenda mabua ya mtama na uwele, ambayo kwetu mara nyingi hayaoni bomba la dawa. Chagua bua lililokauka lakini halijawa jeusi kwa kuoza. Lipasue kwa urefu, uone ile nyama nyeupe ya ndani, kisha uligongegonge kwa mchi. Bua zima lina gamba gumu, na usiku mmoja hautoshi kwa mchwa kulitoboa. Lililopasuliwa wanaingia moja kwa moja. Bua la alizeti nalo lina moyo laini, lipasue vile vile.

Mshirika wa bua ni kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, kile kigumu cha malishoni, si uji wa zizini. Nakivunjavunja na kukiweka mdomoni mwa chungu ili kiguse udongo chungu kikifudikizwa. Mabua yanakaa juu yake. Hapa pia kuna la kuuliza. Kama ng'ombe wamechomwa sindano ya minyoo yenye ivermektini, achana na kinyesi chao kwa wiki kadhaa, maana dawa ile hutoka na kinyesi ikiwa bado inaua wadudu.

Magunzi yanafaa yakipondwa. Boksi la kawaida lisilo na nailoni linafaa pia. Gunia la katani linafaa sana, isipokuwa lile lililohifadhia mahindi yaliyotiwa dawa ya unga. Likung'ute juani: ukiona vumbi jeupe linabaki kwenye nyuzi, liweke pembeni.

Maranda ya fundi seremala ndiyo yanayowaponza watu, kwa sababu yanapatikana bure. Ya mninga au mpingo ni kazi bure, kwani moyo wa miti hiyo tunaulipia pesa nyingi kwa sababu hiyo hiyo kwamba mchwa hawauwezi. Ya mbao zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijani, usiyasogeze kabisa karibu na kuku. Dawa yake mara nyingi ina arseniki, nayo ni sumu. Majani ya mwarobaini, ambao huku umejaa kila mtaa, nayo hapana. Wadudu wanasusia chakula chenye mwarobaini, na hilo mama zetu wanalijua tangu enzi za kuchanganya majani yake kwenye maharage.

Mashudu, pumba na maganda ya karanga yenye punje zilizobaki usitie. Mchwa si walafi wa mafuta, ila sisimizi ni walafi, na wakishakijua chungu chako watakwenda kula mchwa wenyewe. Utakuta njia ya udongo imejengwa vizuri hadi ndani, na ndani hakuna kitu.

Maji ndiyo nusu ya kazi. Dodoma ina mvua moja tu ya mwaka, Desemba hadi Aprili, na kiangazi mchwa wanabaki chini kwenye unyevu. Loweka bua na kinyesi tangu mchana, kamua yasichuruzike, kisha mwagia na ardhi kabla ya kufudikiza. Juu ya chungu weka majani au tope ili jua la asubuhi lisiwakaushe kabla hujaamka. Na tega mbali na nyumba, hasa kama unakaa kwenye tembe, nyumba yetu ya miti na udongo. Boriti zako ni chakula kizuri kuliko chochote utakachoweka chunguni.

Asubuhi kung'uta kwenye karai. Vifaranga wa siku chache wape watenda kazi wadogo, wale weupe weupe, na askari wenye vichwa vikubwa wape mitetea, kwa sababu meno yao yanauma kweli. Mabaki yaliyokwisha kupakwa udongo yarudishe chunguni pamoja na bua jipya kidogo, wenzao watayafuata upesi zaidi. Baada ya siku chache hamia kichuguu kingine, hiki kipumzike.