Kifungue, Lifungue: Maswali ya Walimu wa Kiswahili kwa Wageni

Maswali haya yanahusu kufundisha kwa amri: mwalimu anasema, mwanafunzi anasikiliza na kutenda, bila kulazimishwa kutamka. Aliyeieneza njia hii tangu miaka ya 1960 ni James Asher, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha San José State, Marekani.

Mwanafunzi wangu hutii amri zote, lakini mimi nikitulia kitini anaganda. Kwa nini?

Alikuwa anakutazama, si kukusikiliza. Anza na vitenzi vitatu tu: simama, kaa, tembea. Fanya naye mara mbili tatu, kisha baki umeketi, mikono mapajani. Chunga na macho, maana walimu wengi hukitazama kitu wanachokitaja. Changanya mpangilio kila mara, la sivyo atakariri mfululizo. Kipimo ni amri mpya kwake: aliyejua "gusa meza" na "onyesha pua" aambiwe "gusa pua". Akisita, onyesha tena bila kutafsiri.

Siku ya kwanza, anayetembea usimwambie "simama". Atashangaa, maana amekwisha simama! Mmalizie mwendo kwa "rudi" au "kaa". Maana ya pili ya simama ingoje.

Ngeli je? Naona njia hii inafaa vitenzi tu.

La, hapa ndipo Kiswahili kinapoifaidi. Weka mezani vitu vinavyofunguka: kitabu na sanduku. Kwanza sema "fungua kitabu", "fungua sanduku". Kisha "kitabu, kifungue", "sanduku, lifungue". Mwisho acha nomino kabisa: "lifungue!" Sasa hana pa kushika ila kiambishi, na mkono wake utakuonyesha papo hapo kama amekisikia. Badiliko la -a kuwa -e usilieleze. Alisikie mara ishirini kwanza. Baadaye ongeza vitabu viwili na masanduku mawili: "vifungue", "yafungue".

Mfuko na chupa ziache kwa somo jingine. I- na u- ni sauti fupi zinazomezwa upesi, tena "ufungue" huweza kuwa "fungua huo mfuko" au "wewe fungua", na mgeni hana namna ya kujua.

Vionyeshi navyo vinataka nafasi. Kitabu kimoja kwako, kimoja kwake, kimoja dirishani: hiki, hicho, kile. Mkikaa bega kwa bega, "hicho" kinapoteza maana, na ndilo kosa la kawaida.

Mwanafunzi wangu ni mzee aliyestaafu. Naona haya kumwamuru.

Tumia umbo la -e: "ukae", "uje hapa", au "karibu uketi". Litamfaa hata nje ya darasa, asije akawaamuru wazee wa watu. Ila "usimame" na "usisimame" zinachanganyikana sikioni kwa kuwa "si" inajirudia, kwa hiyo ukanushi uanzie kwa "ukae" na "usikae". Naye akupe amri siku nyingine, uzitii zote, hata zile za kuchekesha.

Aanze kusema lini?

Asher alikadiria baada ya saa 10 hadi 20 za kusikiliza. Dalili yake ni kunong'ona amri huku akizitenda. Hapo mwachie nafasi ya mwalimu.

Nikimaliza amri niende wapi?

Kwenye maswali ya jibu moja, kitendo kikiwa mbele ya macho. Mwinue mmoja polepole: "Anasimama?" Ndiyo. Akishanyooka: "Anasimama?" Hapana, amesimama. Wenye Kiingereza hutumia -na- kwa mtu aliyekwisha simama, kwa kuwa lugha yao husema hivyo. Fanya vivyo hivyo kwa kaa, lala na vaa: anavaa kofia, amevaa kofia. Zoezi lote lichukue dakika kumi, kabla miguu haijachoka.