Uliza miti kabla ya hati

Nyinyi mnaoanza kazi ya usaidizi wa sheria hapa Pemba, hasa mliosomea Bara, zile sheria za ardhi za 1999 mlizozikariri ziwekeni kando. Ardhi si jambo la Muungano. Sisi tuna sheria yetu, Namba 12 ya 1992: ardhi yote ni ya umma, iko chini ya Rais wa Zanzibar, na mtu hupewa haki ya kuitumia. Hilo mtalijua kwa siku moja.

Kitakachowasumbua ni mti. Kwetu ardhi inaweza kuwa na mwenyewe na mkarafuu uliosimama juu yake ukawa na mwenyewe mwengine. Mimi niliponea chupuchupu kutimuliwa kwa kutolijua hilo. Mwezi wangu wa kwanza niliwaandikia watu mkataba wa shamba. Mashahidi wapo, muhuri wa sheha, yaani mkuu wa mtaa, upo, nikajiona wakili. Ulipofika msimu, mnunuzi akaenda na wachumaji wake akakuta watu wengine wako juu ya mikarafuu. Wajukuu wa shangazi yake muuzaji! Miti alipanda bibi yao, na hakuna aliyewauliza. Aliyelaumiwa ni mimi, na kwa haki.

Ndiyo maana anayeazimwa shamba huruhusiwa muhogo au mpunga, si mnazi. Mti wa kudumu ni madai. Mkimwona mzee anang'oa mche wa aliyeazimwa shamba lake, msikimbilie kusema ana roho mbaya.

Halafu kuna mirathi. Mtu anakuja kuuza "eka tatu za baba", zile zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964, kumbe dada zake wako hai na hawajapewa kitu. Kwa kadhi mtoto wa kike ana nusu ya fungu la kaka yake. Nusu si sifuri. Mpelekeni huko kwanza. Kama shamba linasemwa ni la wakfu, iulizeni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, msitegemee kumbukumbu za kijiji. Na muhuri wa sheha hauhaulishi ardhi, yaani hauihamishi kwenda kwa mwengine, kazi hiyo ni ya Bodi ya Uhaulishaji.

Siku hizi siandiki mstari kabla ya kwenda shambani na mama mmoja mtu mzima wa jirani. Tunapita mti kwa mti, yeye ananitajia aliyeupanda, mimi naandika.