Dughulushi haitaki shimo wala samadi, mkuu

Weka jembe chini kwanza! Umeandika umeshachimba shimo uani Mbagala, gunia la samadi ya ng'ombe lipo, unangoja tu jamaa akuletee dughulushi, lile ua dogo la kopo wanaloliita African violet, kutoka msitu wa Amani kule Tanga. Mkuu, unakwenda kuua mmea, na mimi nimeshaua kabla yako.

Mimi nililishwa maneno na muuza maua mmoja wa barabarani. "Huu wa msituni, kaka, unapenda rutuba. Shindilia samadi, mwagilia asubuhi na jioni." Na shahada yangu nikaitikia kama mtoto wa chekechea. Nikajaza udongo mweusi kwenye kopo kubwa. Majani ya chini yakalegea, nikadhani kiu, nikaongeza maji! Kuugusa tu ukanibaki mkononi: mizizi hakuna, shina limelainika, la kahawia, linanuka. Hela yangu yule muuza maua alishakula kitambo. Alivyojiamini ungedhani ndiye Baron Walter von Saint Paul, yule mkuu wa wilaya wa Kijerumani pale Tanga aliyeupeleka kwao mwaka 1892, wakaubatiza jina la kitaalamu Saintpaulia.

Angekanyaga milima ya Usambara Mashariki, huko huko Amani, angeona mwenyewe. Dughulushi imejibana kwenye nyufa za miamba, kivulini, jirani na vijito, mizizi imeshika kiganja tu cha majani yaliyooza. Hata huku chini karibu na Tanga mjini iko kwenye mawe ya chokaa. Unyevu upo muda wote, ila maji hayatuami. Ni mmea wa mwambani! Maji yapite, yasikae.

Kwa hiyo kopo dogo lenye matundu, changarawe, mboji kidogo. Maji weka kwenye sahani chini, ukishanyonya mwaga yaliyobaki. Usimwagie majani, yana vinyweleo, na maji ya baridi yanayatia madoa.

Huyo jamaa wa Amani mwambie atulie, ile ni hifadhi, huendi kung'oa tu. Mwenye nao nyumbani akukatie jani moja na kikonyo chake, lichomeke kwenye mchanga wenye unyevu, litatoa watoto. Kopo DOGO, narudia, maana najua utachukua ndoo.

Uliuliza na soko, sijui na mbolea ya dukani... watakujibu wengine. Hilo shimo panda mgomba.