Netscape 4 kwenye kompyuta ya zamani: jibu kwa mwalimu wa Moshi

Mwalimu, umeeleza kwamba umepewa kompyuta ya zamani yenye Windows 98 na kivinjari cha Netscape Communicator 4, na kwamba ungependa wanafunzi wako wa kidato cha pili hapo Moshi wakione kikifanya kazi, lakini kila tovuti unayoijaribu ama haifunguki kabisa ama inatokea nyeupe tupu. Umeomba mbinu kutoka kwa mtu aliyewahi kukitumia. Mimi nilikitumia kila siku kuanzia 1999 hadi 2003, nikiwa mhudumu wa kafe ya intaneti hapa Arusha, hatua chache kutoka Mnara wa Saa. Nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu kazi ile niliipenda na sitaki ujuzi wake upotee.

Nianze na tovuti kutofunguka, maana hapo ndipo ulipokwama. Kompyuta yako haina kosa. Tovuti nyingi za leo husafirisha kurasa zake zikiwa zimefungwa kwa usimbaji, yaani kwa maandishi ya siri, na kabla ya kutuma chochote hutaka kivinjari kikubaliane nazo juu ya aina ya usimbaji utakaotumika. Netscape 4 inafahamu usimbaji wa miaka ya 1990 tu, na seva za sasa, yaani kompyuta zinazotuma kurasa, zimeukataa kwa kuwa udhaifu wake umeshajulikana. Hakuna mpangilio wowote ndani ya kivinjari utakaolitatua jambo hilo. Nakusihi pia usiiunganishe kompyuta hiyo moja kwa moja na intaneti, na mtu yeyote asiandike nywila yake humo.

Njia inayofaa ni kuzileta kurasa karibu. Ya kwanza ni kuziweka kwenye folda ndani ya diski ya kompyuta hiyo hiyo na kuzifungua kwa menyu ya File. Ya pili, ambayo naipenda zaidi kwa darasa, ni kuifanya kompyuta yako mpya iwe seva. Ukiwa na Python, lugha ya kuandikia programu, kwenye kompyuta mpya, ingia kwenye folda yenye kurasa zako, andika python -m http.server 8000, ziunganishe kompyuta mbili kwa waya wa mtandao, kisha kwenye Netscape andika anwani ya namba (IP) ya kompyuta mpya ikifuatiwa na :8000. Mimi hufanya hivyo nyumbani, na kurasa hufunguka bila shida. Wanafunzi wataona kivinjari kikiiomba seva ukurasa, na seva ikijibu, jambo ambalo faili lililofunguliwa kutoka kwenye diski haliwezi kuwaonyesha.

Kurasa nyeupe ni suala jingine, na hapa itakubidi uwe mwangalifu unapoziandika mwenyewe. Netscape 4 haichori jedwali mpaka ione alama ya kulifunga. Ukisahau kuandika </table> mwishoni, vivinjari vingine vitakusamehe na kuonyesha kila kitu, ila Netscape itakuacha na ukurasa mtupu ingawa maandishi yote yameshafika. Nilipoanza kazi nilitumia asubuhi nzima nikilaumu laini ya simu kwa kosa la aina hiyo, kwenye ukurasa nilioutengeneza mwenyewe kwa ajili ya kafe. Mitindo ya CSS, yaani maagizo ya rangi na mpangilio wa ukurasa, nayo itumie kidogo sana, kwa sababu Netscape inaielewa kwa shida: ukipanua au kupunguza dirisha, mara nyingi mpangilio wote huvurugika mpaka ubonyeze Reload. Vilevile ukizima JavaScript, lugha ya programu ndogo za ndani ya ukurasa, mitindo ya CSS huzimika pamoja nayo, hivyo usishangae rangi zikipotea.

Kwa bahati njema lugha yetu inaandikwa kwa herufi za kawaida tu, kwa hiyo hutahangaika na fonti. Jambo moja la kuangalia ni kile kialama kinachokaa kwenye ng'ombe na ng'ambo. Programu za kisasa za kuandikia hukigeuza kiwe cha kupinda, na kivinjari cha zamani kikidhani ukurasa umeandikwa kwa seti ya herufi ya Western, ng'ombe wako atatokea na vidudu vitatu visivyosomeka katikati ya neno. Andika kurasa zako kwa Notepad, utumie kile kilichonyooka, na tatizo halitatokea.

Sasa nije kwenye mbinu zenyewe. Kafe yetu ilikuwa na modemu moja, yaani kifaa cha kuunganisha kompyuta na intaneti kupitia laini ya simu, na kompyuta sita zilizogawana laini hiyo moja, na mvua za masika zikianza waya wa simu ulijaa kelele kiasi kwamba laini ilikatika mara kadhaa kwa saa. Mteja alilipia dakika, na dakika ziliendelea kuhesabiwa hata kama ukurasa haujafika. Katika hali hiyo nilijifunza jambo ambalo ndilo kiini cha jibu langu: kivinjari cha zamani huchota kila kitu ukurasa unachotaka, kwa mpangilio wake chenyewe, na kazi ya mtumiaji hodari ilikuwa kukiambia mapema kisichote nini.

Kitu cha kwanza cha kukatazwa kilikuwa picha. Fungua menyu ya Edit, kisha Preferences, kisha Advanced, uondoe tiki kwenye "Automatically load images". Kuanzia hapo kila picha itaachiwa kisanduku kidogo, na kitufe kipya cha Images kitajitokeza juu pamoja na vile vya Back na Reload. Ukitaka picha zote, bonyeza kitufe hicho. Ukitaka moja, bonyeza kisanduku chake kwa upande wa kulia wa kipanya na uchague kuionyesha. Waandishi wazuri wa kurasa waliweka maelezo mafupi ndani ya alama ya picha, nayo yalionekana kwenye kisanduku, kwa hiyo mtu alijua kilichomo kabla ya kukilipia. Wafundishe wanafunzi wako kuweka maelezo hayo kwenye kila picha. Hata leo ndiyo yanayomsaidia asiyeona anayesomewa ukurasa na kompyuta.

Kulikuwa na mzee mmoja kutoka Machame aliyekuja kila Jumamosi kusoma barua za binti yake aliyekuwa akisoma Uingereza. Siku moja nilimsalimia, akaitikia kisha akaniambia, "Mwanangu, hii mashine yako imelala." Nikasimama nyuma yake nikaona kinachoendelea. Ile herufi N kwenye kona ya juu kulia ilikuwa na vimondo vinavyopita, ishara kwamba kazi inaendelea, lakini kila baada ya sekunde kumi mzee alibonyeza Reload, na kila alipobonyeza, ombi lilianza upya. Nikamwomba atoe mkono kwenye kipanya, nikamwonyesha mstari mwembamba chini kabisa ya dirisha. Nikamweleza kwamba mstari ukisema "Contacting host" bado tunabisha hodi. Ukisema "Host contacted" mwenyeji ameshaitika na kazi yetu ni kusubiri. Zikianza kutokea asilimia, barua iko njiani. Ukikwama kwenye kubisha hodi zaidi ya dakika moja, hapo ndipo ubonyeze Esc na kuomba tena.

Barua ilifika, tukaisoma picha zikiwa zimezimwa. Mwishoni binti alikuwa ameambatisha picha yake ya mahafali. Mzee aliitaka, nami nikaiomba hiyo peke yake. Ilishuka mstari kwa mstari kutoka juu: kwanza dari, kisha kofia ya mahafali, kisha kipaji cha uso, kisha macho. Ilichukua dakika kama nne. Mzee hakusema neno mpaka kidevu kilipotokea, na sikumtoza dakika zile.

Mbinu ya pili kwa umuhimu ilihusu kashe, yaani akiba ambamo kivinjari huweka nakala za kurasa kilizokwisha kuchota. Kwenye Preferences, chini ya Advanced, utakuta sehemu ya Cache. Kiasi cha diski kinachotengwa kwa kawaida ni KB 7,680, ambacho ni kidogo. Tuliongeza mpaka diski iliporuhusu. La maana zaidi ni lile swali la mara ngapi nakala ilinganishwe na ukurasa ulioko kwenye seva. Tuliweka mara moja kwa kila kipindi, yaani tangu kivinjari kifunguliwe hadi kifungwe, na laini ilipokuwa mbaya kupita kiasi tuliweka "Never", ili mtu aweze kurudi nyuma na kusoma tena bila kugusa simu. Aliyetaka ukurasa mpya kabisa alishika Shift huku akibonyeza Reload. Kwa darasa lako chagua "Every time", yaani kila mara, la sivyo mtarekebisha ukurasa kwenye seva na kivinjari kitaendelea kuwaonyesha ule wa zamani.

Vichupo havikuwapo. Tulifungua madirisha: unasoma habari kwenye dirisha moja, huku kiungo ulichokibonyeza kwa kitufe cha kulia kikifunguka taratibu kwenye jingine, na hivyo muda wa kusubiri unakuwa muda wa kusoma. Kwa kompyuta zetu zenye RAM ya MB 32, dirisha la tano lilikuwa hatari. Dirisha moja likiganda yote hufa pamoja, hata la barua pepe, kwa kuwa yote ni programu moja.

Alamisho za Netscape hukaa kwenye faili moja liitwalo bookmark.htm, ambalo lenyewe ni ukurasa wa wavuti. Nililifanya faili hilo kuwa ukurasa wa mwanzo wa kila kompyuta, hivyo mteja alipofungua kivinjari alikuta mara moja orodha ya viungo, bila kuchota chochote kutoka nje. Linaingia kwenye disketi ya MB 1.44 na nafasi nyingi inabaki. Usilihariri kwa mkono, kwani kivinjari huliandika upya. Tengeneza nakala, uhariri nakala.

Kuhifadhi ukurasa kuliwachanganya wengi. Save As huchukua maandishi tu, na ukiufungua ukurasa nyumbani utakuta visanduku vitupu badala ya picha. Njia yetu ilikuwa kuufungua ukurasa ndani ya Composer, ile sehemu ya Communicator ya kutengenezea kurasa, na kuuhifadhi kutoka humo, ambako picha ziliweza kuhifadhiwa pamoja nao. Waongoza watalii waliotaka kurasa za njia za kupanda Kilimanjaro waliondoka nazo hivyo kwenye disketi zao.

Kuhusu barua, tuliwashauri wateja waandike kwanza kwenye Notepad, wahifadhi, ndipo wanakili na kubandika. Mimi mwenyewe nilipoteza barua ya kurasa mbili ya kuomba kazi umeme ulipokatika nikiwa nimeiandika moja kwa moja kwenye kivinjari, na sikurudia tena. Na aliyetumia kompyuta ya pamoja alitakiwa atoke kwenye akaunti yake na kufunga madirisha yote, kwa sababu kitufe cha Back kingeweza kumwonyesha anayefuata barua zisizomhusu.

Mwisho, Mwalimu, kuna tatizo utakaloliona darasani: kwa waya wa mtandao kurasa zitafika papo hapo, na wanafunzi hawatauelewa ugumu tuliokuwa nao. Waache wakokotoe. Modemu ya kilobiti 33.6 kwa sekunde, ukigawa kwa 8, hupitisha takribani KB 4 kwa sekunde ikiwa laini ni safi na mtu yuko peke yake. Waambie wafungue folda ya kurasa, wasome ukubwa wa kila faili na kugawa kwa 4. Maandishi ya KB 12 yatahitaji sekunde 3, na picha ya KB 60 itahitaji 15. Kisha wazidishe kwa 6, kwa zile kompyuta sita zinazogawana laini, na kila mmoja achague ni picha zipi kwenye ukurasa wake angekubali kuzilipia.