Wazee wanakataa kutuachia picha za zamani

SWALI

Ndugu Mhariri,

Sisi ni wakazi wa Moshi, wengi wetu wastaafu na wachache wanafunzi, tulioanzisha kikundi cha kuhifadhi historia ya mji wetu. Tumepewa chumba kimoja, na tumekuwa tukipita majumbani huko Bondeni, Majengo na Kiusa kuomba picha, vyeti na barua za zamani. Wengi hutukaribisha vizuri, ila hawatupi chochote. Bibi mmoja alitueleza kwamba picha pekee ya marehemu mumewe, aliyekuwa mfanyakazi wa reli, iliazimwa kwa ajili ya maadhimisho fulani na haikurudishwa. Tufanyeje ili watu watuamini, na chumba chetu kisibaki kitupu?

Msomaji, Moshi

JIBU

Ndugu msomaji,

Bibi huyo ana haki, na naomba mlikubali hilo kabla ya kutafuta namna ya kumshawishi. Kuchukuliwa kitu kisirudishwe ni jeraha la siku nyingi huko Kilimanjaro. Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Old Moshi, alinyongwa huko na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wengine, na ukoo wake unaamini kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Mwaka 2023 ilitangazwa Berlin kwamba vipimo vya vinasaba vimeyaunganisha mafuvu matatu yaliyotunzwa huko na jamaa zao walio hai nchini kwetu. Fuvu la Mangi Meli halikuwamo. Lakini mojawapo lilikuwa limeandikwa neno "Akida", na andiko hilo ndilo lililowaelekeza watafiti kwa ukoo wa mshauri wa karibu wa Mangi Meli. Neno moja tu, lililoandikwa zaidi ya karne moja iliyopita, lilisaidia mtu kutambuliwa na watu wake.

Kwa hiyo msiombe picha. Ombeni maelezo yake. Nendeni na skana ndogo au simu yenye kamera nzuri, mnakili picha hapohapo sebuleni mwenyewe akiangalia, kisha mumrudishie mkononi kabla hamjaondoka. Andikeni ni nani aliyepigwa, wapi, mwaka gani, na ni nani aliyewaeleza hayo. Mwombeni aseme kwa maandishi kama nakala inaweza kuonyeshwa hadharani, na mumhakikishie kwamba akibadili nia itaondolewa. Tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini hata isingekuwapo, huo ndio uungwana.

Mkiketi na wazee, ulizeni kazi zao. Reli kutoka Tanga ilifika mwaka 1911, nayo ndiyo iliyouteremsha mji kutoka Old Moshi hadi tambarare mlipo sasa. Mwaka 1929 ikafika Arusha. Picha ya mfanyakazi wa reli isiyo na jina ni picha ya mwanamume aliyevaa kofia, lakini mkijua alihamishwa kutoka stesheni gani na familia yake ilipanga nyumba ya nani, mmepata jinsi mtaa mzima ulivyopata wakazi wake. Msidharau pia karatasi zisizopendeza macho. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, ilianzishwa mwaka 1933, ikirithi kazi ya chama cha wakulima cha mwaka 1925, na katika nyumba nyingi bado zimo stakabadhi za kahawa zinazoonyesha kilo, bei na msimu. Kwangu mimi stakabadhi moja, pamoja na maneno ya mama anayekumbuka ni mtoto yupi aliyelipiwa ada kwa fedha hiyo, ina thamani kuliko picha kumi za barabara kuu. Nazo ndizo zinazotumika kuwashia moto kila nyumba inapofanyiwa usafi.

Kuhusu utunzaji, msizitie karatasi laminesheni wala kuziunga kwa gundi ya utepe, kwa kuwa joto na gundi huziharibu zisitengenezeke tena. Nyuma ya picha andikeni kwa penseli laini, na nakala za kompyuta zikae mahali patatu tofauti. Kama bado hamjajiandikisha kwa Msajili wa Jumuiya, fanyeni hivyo, maana watu huuliza.

Chumba chenu hakitakuwa kitupu, kwa sababu nakala nzuri iliyochapishwa hutundikwa ukutani kama picha nyingine yoyote. Ila msiwasubiri watu humo. Zipelekeni nakala sokoni, na kwenye viwanja vya makanisa na misikiti baada ya ibada, mkiacha karatasi tupu chini ya kila picha ili anayemtambua mtu aandike jina, na anayeona kosa alisahihishe.

Na safari ya kwanza iwe kwa ajili ya bibi yule. Huenda wafanyakazi wa reli walipiga picha za pamoja, kwa hiyo zitembeleeni familia za waliofanya kazi na mumewe mkiwaulizia picha hizo. Mkimpata humo, mpelekeeni bibi nakala yake kabla hamjatundika ya kwenu.